Ndege Iliyotua Kwenye Matuta

Nina wivu. Nalisema mapema ili asije mtu akanihurumia bure. Wanaosema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, hawajaniona mimi. Nimeshiriki tangu utotoni na sijakonda hata kidogo. Na wivu wangu si wa mume wala wa gari la jirani. Ni wa baba yangu mzazi, na ninayemwonea ni mdogo wangu wa kike, aliyebaki kijijini kwetu Mhezi miaka yote akimpikia Baba, akimfulia na kumkata kucha.

Mtu mwenye wajukuu kumwonea wivu mdogo wake kwa sababu ya baba ni jambo la aibu, najua. Lakini aibu haizuii kitu. Kila nilipopiga simu nyumbani, mdogo wangu ndiye aliyepokea, maana Baba haoni vizuri vile vitufe, na kabla hajampa Baba nilikuwa nawasikia wanacheka. Nikiuliza mnacheka nini, naambiwa mambo ya hapa tu, Dada. Halafu Baba anashika simu anakuwa mtu wa salamu: hamjambo huko, huku mvua zimenyesha, wasalimie watoto. Kicheko amekwishakiacha upande wa pili wa chumba.

Basi nikajenga chumba. Ninaishi Dar es Salaam, karibu na uwanja wa ndege, katika nyumba niliyoijenga taratibu kwa faida ya duka la dawa. Nikaongeza chumba cha chini kisicho na ngazi wala kizingiti, choo humo humo, dirisha linatazama mpera. Ndugu wakiuliza niliwaambia ni kwa ajili ya miguu ya Baba, mlima umemshinda, na hospitali huku ziko karibu. Yote hayo ni kweli. Ila kweli iliyokuwa chini ya hizo nyingine ni kwamba nilitaka Baba awe wangu kabla Mungu hajamchukua.

Alikataa wakati wa Krismasi. Akakataa tena Pasaka. Mara ya tatu alisema atakuja aone, na nikajua kwamba kama nisingemfuata mwenyewe, mdogo wangu angemgeuza kwa neno moja. Pengine hata bila neno, kwa kumtengea tu chakula. Nikawasha gari nikapanda mlima.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na ukungu mpaka kwenye migomba. Mdogo wangu alikuwa ameshafunga mizigo tangu jana yake: sweta, sweta la pili, dawa ya kuchua, tangawizi mbichi, Biblia ya maandishi makubwa, na makande kwenye hotipoti aliloliviringishia kitenge. Nikamwambia Dar kuna chakula. Akasema anajua, hayo ni ya njiani tu. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunaweza kwenda hata peponi na makande yetu mkononi, lakini siku ile sikuona cha kucheka. Niliona hotipoti linatangulia kuingia kwenye gari langu kabla ya baba yangu.

Halafu ikaja habari ya koti. Baba alisimama mlangoni mikono ameiachia kidogo pembeni, kama mtoto anayesubiri kuvalishwa, na mdogo wangu akamfunga vifungo kuanzia cha chini kabisa kwenda juu. Jioni iliyotangulia mimi nilikuwa nimejaribu kumfunga sweta, nikaanzia juu kama watu wote, naye akauondoa mkono wangu polepole akasema, acha tu, mama. Niliona upole ule nikatamani angenigombeza.

Mdogo wangu alikuwa atusindikize hadi Same, kisha arudi na gari la abiria. Kwetu msafiri haachiwi mlangoni. Unamtoa, unatembea naye kipande cha njia, na kadiri unavyompenda ndivyo kipande kinavyokuwa kirefu. Kwa hiyo sikuweza kumkatalia, ingawa nilijua kila kona tutakayokata akiwa nyuma ya kiti cha Baba ni nafasi yake ya kuniharibia.

Tuliteremka. Baba alikaa mbele pamoja nami, lakini shingo yake ilikuwa nyuma. Kila baada ya kona alisema kitu kwa Chasu, Kipare chetu, na mdogo wangu akacheka kule nyuma. Chasu changu kimeota kutu mjini. Nakielewa, ila nachelewa. Nikifika kwenye kichekesho, wao wamekwishahama. Kuna mahali niliamua kucheka tu nisionekane mgeni, nikacheka wakati Baba alikuwa anaeleza habari za mtu aliyefiwa. Wote wawili wakanyamaza kwa adabu.

Lakini nilikuwa na silaha yangu, na ilikuwa Same.

Nilipokuwa mdogo, kabla mdogo wangu hajazaliwa, Baba alinibeba mabegani akapanda nami hadi mgongo wa mlima juu ya shamba letu la kahawa. Akanionyesha ndege ya njano. Ilikuwa chini yetu. Watoto wengine wote duniani huitazama ndege kwa kuinua shingo, mimi niliitazama kwa kuinamisha kichwa, nikauona mgongo wake ukipita juu ya mashamba ya tambarare, ikimwaga dawa ya kwelea kwelea iliyotanda kama moshi wa jikoni. Nilikuwa na gauni la bluu la kwenda nalo kanisani. Niliipungia mikono yote miwili, na Baba akanishika vifundo vya miguu nisianguke. Naikumbuka mikono ile mpaka leo. Katika mali yote ya Baba, hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho mimi ambacho mdogo wangu hakuwa nacho.

Ndiyo maana nilipokuwa napandisha, nilipoona pale Same kibao kilichoandikwa kwa rangi ya mkono MAKUMBUSHO YA NDEGE, na nyuma ya uzio bawa la njano limechomoza, nilisimamisha gari nikakitazama kwa furaha ambayo si ya kikristo. Nikasema wakati wa kushuka nitampitisha Baba hapa. Tutasimama mbele ya ndege yetu, mimi na yeye, na mdogo wangu atashika mikoba. Hapo Baba atakumbuka alikuwa wa nani kwanza.

Same tulilikuta jua lake na ule upepo wake unaokupa vumbi bila kuombwa. Nilipokata kona kuingia pale, bodaboda moja ilinipita kwa mbele, na kwenye kipande cha mpira cha nyuma ilikuwa imeandikwa Mwenye Wivu Ajinyonge. Nikaipigia honi, sijui kwa nini.

Makumbusho yenyewe yalikuwa ni uwanja wa mtu. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ndege alipostaafu alianza kununua mabaki, akayapanga nyuma ya nyumba yake, na wasafiri wakaanza kusimama. Yeye siku ile hakuwepo. Tulipokelewa na mama aliyekuwa anachambua mchicha chini ya bawa. Akamwamkia Baba shikamoo, Baba akaitikia marahaba, na mama yule akatuambia tuzunguke tu, ila tusikanyage kuku aliyekuwa analalia mayai ndani ya injini moja. Kulikuwa na injini juu ya matairi, kiwiliwili cha ndege ya abiria ambacho viti vyake vilishakaliwa na mbuzi, pangaboi lililotundikwa kwenye mti likigonga gonga kwa upepo, na mwisho kabisa, kwenye kivuli cha mwarobaini, ile ya njano. Ilikuwa na bawa moja. Tumbo lake, pale ilipokuwa inawekwa dawa, lilikuwa na kutu nyekundu.

Nikamshika Baba mkono nikamwongoza. Nilitaka niwe mimi niliyemshika atakapoiona. Alipoiona alisimama, akauondoa mkono wangu, akaenda peke yake na fimbo yake, haraka kuliko nilivyomwona akitembea siku zote mbili nilizokaa nyumbani. Hakuangalia bawa wala mahali pa rubani. Aliinama kwa taabu akautazama mguu wa gurudumu la kushoto, akaupapasa kwa kidole kama anayetafuta kovu.

"Ndiyo yenyewe," akamwambia mdogo wangu.

"Hapo pameungwa," mdogo wangu akasema, naye akiinama. "Baba, si ndiyo hapo?"

Nilibaki nimesimama na mikoba. Nikauliza ndiyo ipi, pameungwa nini. Wakatazamana, na Baba akaanza kusimulia, na kila alipopumzika mdogo wangu alijua ni wapi pa kumpokea.

Mwaka ule kwelea kwelea walikuwa wamemaliza mtama wa tambarare. Watu wa milimani nao walikuwa na mashamba kule chini, kwa hiyo njaa ilikuwa ya wote. Zikaja habari kwamba italetwa ndege ya kunyunyizia dawa, ila inataka mahali pa kutua. Pembe ya msaragambo ikapigwa. Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa: pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe kwa kazi ya wote, iwe ni barabara, mfereji au darasa, na hakuna anayeuliza faida ni ya nani. Baba alikuwa msimamizi wa kundi la kwetu. Bwana mmoja kutoka ofisini akapima eneo, akapigilia vigingi kwenye pembe zake, akaagiza pasawazishwe pawe kama meza, akaenda zake. Watu wakalima, wakang'oa visiki, wakasawazisha, pakawa meza kweli. Siku ya mwisho Baba akasimama kuutazama ule udongo mwekundu umelala wazi, umeinamia kidogo upande wa korongo, na wingu limekaa juu ya mlima.

"Ningeuachaje?" Baba akaniuliza, kana kwamba ni mimi niliyemshtaki. "Mvua moja tu ingeondoka nao wote."

"Kwa hiyo?" mdogo wangu akadakia, mkono kiunoni.

"Kwa hiyo tukaweka matuta."

Wakayaweka. Matuta ya kukinga maji, yamekatiza kiwanja toka upande huu hadi ule, chini yameshikizwa kwa mawe kama walivyofundishwa na baba zao, yamenyooka vizuri. Katika msaragambo mzima hakuna mtu aliyesema ngoja kwanza, hapa ni pa ndege. Watu waliozaliwa kwenye mteremko, ukiwaachia udongo mtupu, watauwekea tuta hata wakiwa usingizini. Na kutoka angani matuta yale hayakuonekana, kwa kuwa rangi yake na ya kiwanja ilikuwa moja. Ndege ikazunguka, ikashuka, watu wakapiga vigelegele. Tuta la kwanza liliirusha. La pili liliivunja mguu.

Rubani akatoka mzima. Akaitazama ndege yake, akayatazama matuta, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza ni nani aliyeweka vitu hivi. Kundi zima likatazama chini. Halafu Baba akanyoosha mkono.

Alipofika hapo katika kusimulia, Baba akanyoosha mkono wake, na mdogo wangu akanyoosha wa kwake, wakati ule ule, wala hakumtazama. Walisimama mbele yangu kando ya ile ndege mikono yao juu, na nikaelewa kwamba wamekwishafanya hivyo mara nyingi, jikoni kwetu, kwenye mwanga wa moto. Mkono ule wa mdogo wangu uliniua.

"Akasema matuta ni mazuri sana," mdogo wangu akamalizia.

"Ila yeye hakuja kulima," akasema Baba, na wakacheka wote wawili mpaka yule mama wa mchicha akageuka.

Rubani alipewa makande, akala, akaongezewa. Msimu ule ndege wenye manyoya walikula mtama watakavyo. Na watu wa msaragambo walipokuwa wanapanda kurudi nyumbani walikubaliana kwamba habari ile ibaki tambarare, isije ikaimbwa kwenye ngoma za watu. Baba alikaa nayo maisha yake yote. Baada ya Mama kufariki, jioni moja wakiwa wanapukuchua maharage, alimwambia mdogo wangu.

Nikamuuliza mbona mimi hakuniambia. Niliuliza kwa sauti ya kawaida, au nilidhani hivyo. Baba akafikiri, kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa funguo ameziweka wapi. Akasema haikutokea tu. Angekuwa na sababu isingeniuma vile.

Basi nikatoa silaha yangu. Nikamkumbusha kwamba ndege hiyo hiyo tuliiona wote wawili kutoka mlimani, kwamba alinibeba kunipeleka kuiona. Uso wake ukafunguka.

"Mwaka uliofuata," akasema. "Matuta tulishayaondoa. Nilipanda kuangalia kama imepona."

Kuangalia kama imepona. Mimi maisha yangu yote nilidhani alipanda kwa ajili yangu. Nikaitazama ile takataka ya njano yenye bawa moja, na nakiri nilikuwa mwanamke mtu mzima aliyeona wivu juu ya bati. Lakini Baba alikuwa hajamaliza. Akainua fimbo akamwelekeza mdogo wangu.

"Nilikuwa nimembeba huyu," akasema. "Ana gauni la bluu. Akaipungia mpaka nikaogopa ataanguka, nikamshika miguu."

Nilimtazama mdogo wangu, na nilijua hesabu yake maana ningekuwa mimi ningeipiga hivyo hivyo: anyamaze tu. Alichotakiwa kufanya ili amchukue Baba mzima, hadi kipande changu cha mwisho, ni kunyamaza.

"Siyo mimi, Baba," akasema. "Ni Dada. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Baba akatutazama kwa zamu. Akasema ehee, akarudi kwenye mguu wake wa ndege. Mdogo wangu akajifunga upya kitenge ambacho kilikuwa hakijalegea, akasogea karibu yangu asisikike.

"Hilo gauni nalijua kuliko unavyolijua wewe," akasema. "Kila jioni ni wewe, Dada. Ulivyopunga, ulivyosoma, ulivyokataa kulia siku unapelekwa bweni. Nampelekea uji ananisimulia wewe. Wakati mwingine namchekesha kwa hadithi ya matuta ili tu asinisimulie wewe."

Sauti ile niliitambua. Ilikuwa yangu, imetoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Mtu mwema angemkumbatia pale pale. Mimi kwanza nilifurahi, furaha ya mwizi aliyekuta mlango haukufungwa. Halafu, kabla furaha haijatulia, nikashuku. Kwa nini ananiambia leo, tumebakiza stendi tu? Anataka nimwonee huruma nimwache Baba? Ndivyo wivu ulivyo, hata ukipewa zawadi unageuza kuangalia chini imeandikwa nini. Nikamfuata Baba, nikamuuliza swali ambalo hata mtoto hatakiwi kumuuliza mzazi.

"Baba, unakuja na mimi, au unarudi na yeye?"

Mdogo wangu akageukia pembeni, akakodolea macho lile pangaboi kwenye mti kama ndilo lililomleta. Baba hakukasirika. Alijiinua kwa fimbo, taratibu, akajifuta vumbi la gurudumu kwenye suruali.

"Pembe ikipigwa, mtu haulizi shamba ni la nani," akasema. "Umepanda mlima kunifuata. Twende."

Nilikuwa nimeshinda. Nilijiambia hivyo tulivyokuwa tunarudi kwenye gari, na tena tulivyofika stendi. Lakini nilishajua nimeshinda kwa namna gani. Alikuja kwangu kama alivyokwenda kwenye barabara na mifereji ya watu, na jembe lake begani, bila kinyongo, kwa sababu ameitwa.

Stendi, mdogo wangu aliagana na Baba kwa Chasu, maneno machache tu, na safari hii niliyaelewa yote kwa wakati wake. Kwangu hakusema mengi. Alinipa hotipoti niliweke kwenye kiti cha nyuma lisimwagike, akaniambia dawa ya kuchua ni magotini tu, mgongoni inamwasha. Akapiga hatua kwenda kwenye gari lake, akarudi dirishani.

"Vifungo anzia chini," akasema. "Mikono yake haiinuki ukianzia juu."

Nikamwambia najua. Sikuwa najua. Tulipopita Makanya nilikuwa bado nina hasira kwamba alikuwa ameniona jioni ile nikishindwa na sweta, na kwamba alikuwa ameniachia siri ile kwa roho safi. Hedaru tulisimama, tukala makande. Baba alikula vizuri. Mimi pia nililamba kijiko, ningefanyaje.

Sasa Baba anaishi kwangu. Namfunga vifungo kuanzia chini. Analipenda bafu, anausifu mpera, na majirani wanamwita babu. Jioni tunakaa barazani, mimi na yeye peke yetu kama nilivyotaka, nami namletea uji wa tangawizi. Naye akishapoza kikombe, anaanza.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa Baba yangu ni kinyume, aliyepo ndiye asiyekuwa na lake. Kila jioni ni mdogo wangu. Namna anavyowasha moto kwa kuni mbichi. Siku aliyomfukuza nyani kwenye mahindi kwa sufuria. Anavyoimba sauti ya pili kanisani. Nauleta uji, nasimuliwa mtu mwingine, na nikifika kitandani najua mambo ya mdogo wangu ambayo yeye mwenyewe nadhani amekwishayasahau. Nimejifunza hata kumkatiza. Akianza, namwambia Baba, hebu nipe ile ya matuta. Tunafika kwenye rubani, tunanyoosha mikono.

Juzi ndege kubwa ilipita chini kabisa juu ya bati letu, taa zake zimewaka, ikienda kutua. Baba akaifuata kwa fimbo mpaka ikazama nyuma ya nyumba za watu.

"Unakumbuka nilivyombeba mdogo wako kwenda kuiangalia ile ndege?" akaniuliza. "Ana gauni la bluu. Alipunga yule mtoto."

Nilijua la kusema. Mdogo wangu alinisemea pale Same, na hakuwa na faida yoyote ya kupata. Maneno yenyewe nilikuwa nayo mdomoni: siyo yeye, Baba, ni mimi. Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu, amenigeukia mimi, ananisubiri nimpokee, uso ule ule niliokuwa nimemjengea chumba ili niupate. Vifundo vya miguu vikaniuma, sitanii.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Alipunga sana."

Akacheka. Kilikuwa ndicho kile kicheko nilichokuwa nakisikia kwenye simu, kinaanzia tumboni kinaishia kwenye kikohozi, na mimi nikajikuta nacheka naye, machozi yananitoka kwa sababu zangu. Simu ikalia katikati ya kicheko. Alikuwa mdogo wangu, kutoka Mhezi. Nikapokea, lakini Baba alikuwa bado anacheka hapo pembeni, na upande wa pili akauliza tunacheka nini.

Nikamwambia mambo ya hapa tu. Nikampa Baba simu, naye akaishika kwa mikono miwili akaanza: hamjambo huko, huku joto, mvua zimenyesha?